Kijiti cha muhogo si kuni: tuulize kwanza kimetoka wapi



Msimu uliopita tulivuka Lualaba kwenda Alunguli kutembelea shamba la muhogo la kikundi kimoja. Mama mmoja alitushika mkono, akatupeleka katikati ya mistari, akatuonyesha miti miwili iliyosimama karibu karibu. Akasema: «Agronomu, miti hii nilikata kwenye shamba moja, nikapanda siku moja. Huu majani yake yamejikunja, yana madoa ya manjano. Huu mwenzake mwezi uliopita ulikuwa vile vile, lakini angalia sasa, majani ya juu yanatoka safi. Nani ameuponya? Mimi sikuweka dawa yoyote.»

Tulimjibu haraka haraka kwamba ni nguvu ya mti. Jibu lile halikuturidhisha hata sisi wenyewe. Jioni, tuliporudi Kindu, tulifungua tena madaftari yetu ya institut na maandishi mapya ya watafiti. Swali la mama lina jibu, na jibu lenyewe linagusa chakula chetu na franka zetu. Linatufanya tuseme leo waziwazi jambo ambalo tumelinyamazia muda mrefu: koperative zetu ziache kupokea vijiti vya muhogo bila kujua vimetoka wapi, hata kama vinatolewa bure, hata kama vinaletwa na mradi, hata kama tunaovileta ni sisi maagronomu.

Mti una walinzi wake

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Muhogo ulikuja kwetu kutoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno. Mozaiki haikuja nao. Virusi vyake ni vya hapa hapa Afrika, na mtu wa kwanza kuuandika ugonjwa huu alikuwa Mjerumani Warburg, mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kwa hiyo muhogo ni mgeni aliyekutana na adui asiyemjua. Lakini hakuja mikono mitupu.

Iko hivi. Mti umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. Ndani ya seli kuna kitabu kikubwa cha maagizo, ndiyo ADN. Kitabu hakitoki mahali pake. Mti ukitaka kutengeneza kitu, unanakili ukurasa mmoja na kuutuma kwenye kazi. Nakala hiyo inaitwa ARN. Ni kama koperative: statuti zinabaki kwa sekretere, lakini barua ndizo zinazopelekwa kwa wanachama kuwaambia la kufanya.

Virusi vya mozaiki haviwezi kuzaana peke yao. Vinaingia katika seli na kuanza kuandika barua zao, ili seli iache kazi yake na kutengeneza virusi. Mti haukai kimya. Una kitu tunachoweza kukiita mkasi. Ukikuta barua iliyokunjwa mara mbili, namna ambayo barua zake za kawaida hazikunjwi, unaikata vipande vifupi vya herufi 21 mpaka 24. Vipande hivyo ndivyo wataalamu wanaita ARN ndogo. Na havitupwi. Mlinzi wa seli anashika kipande kimoja, na kila barua inayopita anailinganisha nacho. Ikifanana, anaikata. Ni kama askari wa bariere aliyepewa picha ya mwizi: hana haja ya kumjua, anaangalia picha, anaangalia uso.

Tena, ARN hizo ndogo zinatembea. Zinapita kutoka seli mpaka seli, zinapanda na shina, zinafika kwenye majani machanga kabla au pamoja na virusi. Ndiyo sababu jani la chini linaweza kubaki na madoa, na jani la juu likatoka safi. Mwaka 2004 watafiti walichapisha kazi yao juu ya muhogo wenye aina mbalimbali za virusi vya mozaiki. Miti iliyopona ilikuwa na ARN ndogo nyingi za kile kirusi ndani ya majani yake. Miti iliyoendelea kuumwa ilikuwa nazo chache. Baadaye wakaona pia kwamba joto likipanda kutoka digrii 25 mpaka 30, mti unatengeneza ARN ndogo nyingi zaidi na dalili zinapungua.

Basi, mama wa Alunguli, mti wako umejiponya wenyewe. Hukukosea ulipoona hakuna dawa.

Mambo haya si ya zamani sana. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Andrew Fire na Craig Mello, walionyesha kwa mnyoo mdogo jinsi ARN iliyokunjwa mara mbili inavyozima maagizo, na mwaka 2006 wakapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1999, huko Uingereza, Hamilton na Baulcombe walikuta vipande hivyo vifupi ndani ya mimea. Mwaka 2024 Nobel ikaenda tena kwa Victor Ambros na Gary Ruvkun, kwa aina nyingine ya ARN ndogo, ile ambayo kiumbe kinaiandika chenyewe ili kuongoza kazi za mwili wake.

Wezi wawili katika nyumba moja

Kama mti una walinzi hodari namna hii, kwa nini mashamba yetu yanaumwa? Sababu virusi navyo vimejifunza. Vina vitu vyao vya kumfunga mlinzi mikono. Kirusi kimoja kinamnyang'anya mlinzi picha, kingine kinaharibu mkasi au kinawazuia wajumbe wasifike mbali. Kikiwa kimoja tu, mti imara unaweza kupambana nacho. Vikiingia viwili vya aina tofauti katika mti mmoja, kila kimoja kinamfunga mlinzi upande wake, na mti unabaki bila ulinzi.

Uganda iliona hayo kwa machozi. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yote, mozaiki kali ilienea wilaya kwa wilaya. Watafiti walipochunguza, walikuta kirusi kipya kilichozaliwa kwa kuchanganyika kwa virusi viwili vya zamani. Na mahali ambapo hicho kipya kiliishi pamoja na kirusi cha kawaida katika mti mmoja, ugonjwa ulikuwa mkali kuliko wote. Majani yalibaki kama nyuzi, mizizi kama vidole. Watu wengi waliacha kabisa kulima muhogo, na njaa iliingia majumbani. Ugonjwa ule haukusimama mpakani. Ulivuka ukaingia Kongo.

Hapo ndipo tunataka tuelewane vizuri. Virusi vinasafiri kwa njia mbili. Kuna inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, hao wanavipeleka kutoka mti mpaka mti na kutoka shamba mpaka shamba. Na kuna sisi. Sisi tunavipeleka kwa lori, kwa treni, kwa boti, kwa moto, kilomita mia kwa siku chache, ndani ya fungu la vijiti lililofungwa kamba. Inzi hana tiketi ya kutoka Kivu mpaka Kindu. Kijiti anayo. Na tukichanganya katika shamba moja vijiti vya huku na vya kule, tunawakutanisha wezi ambao pengine wasingekutana.

Mti unakumbuka ulikotoka

Watafiti wa Norwei, nchi ya baridi kali, wamechunguza sapini, ile miti yenye majani kama sindano ambayo wengi wetu tunaijua kwa picha za Noeli. Walichukua mbegu za miti ya wazazi walewale, zilizokomaa mahali pa baridi na zilizokomaa mahali pa joto. Waliona kwamba miche ya mbegu za joto inachelewa kufunga machipukizi yake kabla ya baridi, na tabia hiyo inabaki miaka mingi. Mbegu ilikuwa «imekumbuka» joto la mahali ilipoumbwa. Walipotafuta kumbukumbu hiyo imekaa wapi, kati ya mambo waliyoyakuta ni tofauti katika ARN ndogo za miche hiyo.

Kama mbegu ya sapini, ambayo ni kiumbe kipya kabisa, inabeba habari za ilikozaliwa, itakuwaje kijiti cha muhogo? Kijiti si mtoto. Ni kipande cha mwili wa mama yake. Kinakuja na kila kitu alichokuwa nacho: virusi vyake na walinzi wake, ugonjwa wake na uponaji wake. Anayekata kijiti kwenye mti mgonjwa amepanda ugonjwa kabla ya kupanda muhogo. Anayekata kwenye mti uliosimama imara mwaka mzima katikati ya inzi weupe wa Maniema, amepanda na ulinzi wake pia.

Hatari nyingine iko jirani

Mozaiki tunaijua kwa macho. Kuna ugonjwa mwingine ambao unatuogopesha zaidi, sababu unajificha: ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Uliandikwa kwanza na Storey mwaka 1936, kwenye kituo cha Amani huko Tanzania. Miaka mingi ulikaa pwani. Mwaka 2004 ukaonekana tena Uganda ukiwa na nguvu. Mwaka 2012 ukathibitishwa Kivu ya Kaskazini, na baadaye katika Kivu ya Kusini na Ituri. Kivu ya Kusini, ndugu zetu, inapakana na Maniema.

Mti wenye ugonjwa huu unaweza kuwa mrefu, wenye majani ya kijani, na sombe yake mtaila vizuri. Ukitazama sana utaona umanjano kando ya mishipa ya majani ya chini, na michirizi ya kahawia kwenye shina changa. Wengi hawaoni. Siku ya kung'oa, unakata mzizi, unakuta ndani umekauka, kahawia, mgumu kama gome. Mwaka mzima wa kazi, na hakuna fufu. Inzi weupe hawaupeleki mbali sana. Kinachoupeleka mbali ni vijiti.

Makosa yetu wenyewe

Tunasema haya tukiwa na aibu kidogo. Miaka michache iliyopita mradi mmoja, jina tunaliacha, ulileta lori la vijiti «vya aina bora». Tulikuwa pale. Tuliona majina ya aina kwenye karatasi, tukafurahi, tukasaini bon ya kupokea. Hakuna aliyeuliza shamba vilikokatwa linaitwaje, nani alilikagua, na vilikaa njiani siku ngapi. Wakulima walipanda. Wiki ya tano majani ya kwanza kabisa yalitoka yamejikunja. Wengine walituambia kwa upole: «Agronomu, vijiti vyetu vya zamani vilikuwa vizuri kuliko hivi.» Na vile vya zamani walikuwa wameshavichoma kuni.

Hasara ya namna hiyo haiandikwi katika ripoti. Ripoti ilisema vijiti viligawiwa, na ni kweli viligawiwa. Maoni yetu ni kwamba mradi usihesabiwe kwa vijiti ulivyogawa, bali kwa miti safi iliyosimama shambani mwezi wa tatu. Tunawaambia hivyo wafadhili, na tunawaomba wanachama wa koperative wawaambie pia.

Tunachopendekeza

Kwanza, maswali matatu kabla ya kupokea fungu lolote: Vimekatwa shamba gani, la teritware gani? Nani alilikagua shamba hilo, na lini? Walipong'oa miti ya shamba lile, mizizi ilikatwa ikaonekana safi? Anayeleta akishindwa kujibu, vijiti visipandwe. Kama kuna karatasi ya SENASEM, isomwe mbele ya wote, si kuwekwa mfukoni mwa prezida.

Pili, kila koperative iwe na shamba lake la mbegu. Lisiwe kubwa. Mita 10 kwa 10, mkipanda mita moja kwa mita moja, ni miti kama 100. Mti mmoja uliokomaa unatoa vijiti vizuri vitano mpaka kumi. Hiyo ni vijiti 500 mpaka 1000 kwa msimu mmoja, na msimu wa pili mnaanza kugawiana. Shamba hilo liwe mbali kidogo na mashamba yenye mozaiki.

Tatu, shamba hilo likaguliwe na macho ya watu wawili, kila wiki mbili, kwa miezi mitatu ya kwanza. Mkiona majani yaliyojikunja tangu yale ya chini kabisa, jueni ugonjwa ulikuja ndani ya kijiti. Mkiona majani ya chini safi na ya juu tu ndiyo yenye madoa, inzi ndio walioleta. Huo ni ushahidi ambao kila mkulima anaweza kuusoma bila maabara. Katika shamba la mbegu, mti mgonjwa unang'olewa siku hiyo hiyo.

Nne, ile miti inayosimama safi mpaka mwisho ifungwe kitambaa chekundu. Ikifika miezi 8 mpaka 12, ing'olewe, mizizi yake ikatwe vipande mbele ya wanachama. Iliyo nyeupe ndani yote ndiyo itoe vijiti: sehemu ya katikati ya shina, urefu wa sentimita 20 mpaka 25, vifundo vitano mpaka saba.

Na mti kama ule wa Alunguli, ulioumwa ukapona? Upelekwe shamba la chakula, usiwe mama wa shamba la mbegu kama kuna mwingine ambao haukuumwa kabisa. Kupona si kusema virusi vimekwisha. Vinaweza kubaki vichache kwenye shina, na kijiti kimoja kikatoka safi, kingine kikatoka na ugonjwa. Lakini kama shamba lote liliumwa na ni huo tu uliopona, chukueni vijiti vyake vya juu, mpande peke yake, mwangalie.

Tano, tuache kununua dawa za kupuliza kwa ajili ya mozaiki. Hakuna dawa ya sokoni inayotoa virusi ndani ya mti. Anayekuuzia chupa na kukuambia itaponya mozaiki, anakuuzia maji ya bei kali.

Kuna wamama wanaotuambia: «Nitang'oaje mti wakati watoto wanangoja sombe?» Ni neno la kweli. Ndiyo sababu hatusemi mng'oe mashamba yote. Majani na mizizi ya mti wenye mozaiki haimdhuru mtu anayekula. Kuleni shamba la chakula mpaka mwisho. Tunachokataza ni kitu kimoja tu: kulifanya shamba hilo kuwa mama wa shamba la kesho.

Na muhogo wa maabara?

Wengine wamesikia redioni kwamba kuna muhogo uliotengenezwa usiumwe. Ni kweli, na unafanya kazi kwa njia hii hii ya ARN ndogo. Watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani waliuingizia muhogo kipande cha maagizo ya virusi viwili vya michirizi ya kahawia, ili walinzi wawe na picha ya mwizi tangu mti unapozaliwa. Mstari mmoja unaitwa 4046. Mwezi wa 6 mwaka 2021, mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya iliruhusu uendelee na majaribio ya kitaifa mashambani.

Wako wanaouogopa kama uchawi, na wako wanaoungojea kama mkombozi. Sisi hatuko na hawa wala na wale. Kazi inayofanyika ndani ya mti huo ni ileile muhogo wa Alunguli ulifanya peke yake. Ila picha waliyopewa walinzi ni ya michirizi ya kahawia, si ya mozaiki. Mwizi wa mozaiki hawatamtambua kwa picha hiyo. Ukifika siku moja Kongo, tunataka INERA iujaribu kwanza katika udongo wetu, na wakulima waone matokeo kabla ya kuamua. Lakini hata huo utakuja katika umbo la kijiti. Koperative isiyojua kuchagua na kulinda vijiti itauchafua huo mpya kama ilivyochafua ya zamani.

Kwa hiyo tusingoje. Mvua zikianza, kila koperative iteue watu wawili wa shamba la mbegu, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, ipime mita 10 kwa 10, inunue kitambaa chekundu. Sisi tutapita kukagua pamoja nanyi. Na siku tukileta vijiti, tuulizeni yale maswali matatu. Tukishindwa kuyajibu, turudisheni navyo.